Za Kiwanda

Agosti, upepo wa Hombolo unakata masikio
na mama anatoka jasho.
Ananiita Chilewa,
kaka yake, tuliyemzika mwaka wa njaa.
Jirani anasema: uzee huo, mwache alale.

Nusura nimwache.
Ndipo naiona sahani: ugali wa uwele haujaguswa,
na sindano ya asubuhi ameshajichoma.

Kipimo kinasoma mbili nukta saba.

Nakimbilia mizabibu
aliyoipogoa miaka thelathini,
tisa kati yake bila kulamba hata kidole.
Namkamulia ulimini, tunda kwa tunda,
mpaka macho yanarudi, na jina langu:

"Mbeleje, mwizi wewe.
Hizo ni za kiwanda."

Kisha, taratibu,
anafumbua mdomo tena.