Mizani ya Zabibu

Fomu imeniita tegemezi.
Nimelisoma neno hilo mara mbili kwenye kioo cha kompyuta
pale steshenari ya Majengo, kijana akisubiri nimlipe,
kucha zangu bado zina udongo wa Mpunguzi.

Peresi ndiye mwombaji mkuu.
Ni muuguzi wa figo, anaijua ile mashine
inayotoa damu ya mtu, ikaichuja, ikairudisha.
Kanada wanamhitaji. Wamempa alama za umri,
alama za cheti, alama za miaka tisa ya zamu za usiku.
Mimi, kwenye kipengele cha ujuzi wa mwenza,
niliandika: kupogoa mizabibu.
Kompyuta ikakataa. Ikaniletea orodha nichague.
Hapakuwa na mzabibu.
Nikabofya Mengineyo.

Kisha wakataka ushahidi wa ndoa.
Cheti chetu kililiwa na mchwa mwaka ule wa mvua nyingi,
kikabaki kipande chenye muhuri na herufi tatu za jina langu.
Nikakodi bodaboda hadi Hombolo, kanisani.
Karani akafunua daftari, akapuliza vumbi,
kidole chake kikashuka, kikashuka,
kikasimama: Lusito Chilongani na Perisi Malogo.

Perisi.

Basi ikabidi tuape kwa wakili, shilingi elfu thelathini,
kwamba Perisi aliyeolewa na Peresi anayeondoka
ni mtu mmoja.
Yeye alicheka hadi akashika ukuta.
Mimi nikasaini, nusu ya saini ikatoka nje ya kisanduku.

Ambatisha picha zinazoonyesha mnaishi pamoja.
Tunazo tatu. Katika mbili mmoja wetu hayupo,
ndiye aliyeshika simu.
Ningewaambatishia nini?
Saa kumi na mbili asubuhi, lango likilia,
naye anaingia na viatu mkononi asiniamshe,
nami niko macho tangu saa kumi,
uji wa uwele umeshapoa, nimeshaupasha?
Au mwaka ule ubwiri ulipolishika shamba lote,
akauza cherehani ya marehemu mama yake bila kuniambia,
nikarudi nikakuta mfuko wa salfa
umesimama mlangoni kama mgeni?
Hayo hayaskaniki.

Dada yake, Sechelela, aliniuliza mbele za watu:
"Shemeji, wewe huko unakwenda kufanya nini? Kumfulia?"
Nikasema ndiyo. Wakacheka wote.
Sikuwa natania.

Safari ni Alhamisi.
Mizabibu nimeipogoa juzi, inatoka machozi kwenye kila mkato
kama ilivyo kawaida yake.
Atakayevuna ni Mbeleje, jirani yangu wa mpakani.
Nimemwonyesha jicho la kukata na jicho la kuacha,
akaitikia upesi mno,
kama mtu ambaye hajasikia.

Usiku huu tunapima mizigo.
Mizani ni ile ile ya ndoano, ya kupimia matenga,
tumeining'iniza kwenye kenchi sebuleni.
Kilo ishirini na tatu kila sanduku, wamesema, si zaidi.
La kwanza limepita. La pili tumechanganya:
makoti ya mtumba, mlenda mkavu uliotwangwa,
viatu vyake vyeupe vya zamu,
na chini kabisa, ndani ya soksi yangu, mkasi wa kupogolea.
Mshale ukasimama ishirini na nne kasoro kidogo.

Peresi akapapasa, akapapasa, akaukuta.
Akaushika kitambo.
"Huko tunakokwenda kuna mizabibu?"
"Sijui."
Upepo ukayapiga mabati, mchanga ukapita juu yetu
kama mtu anayepepeta mtama.
Akaurudisha mkasi ndani ya soksi, akaikunja vizuri,
akavitoa vile viatu vyeupe
akaviweka sakafuni, kimoja kando ya kingine.

"Pima tena," akasema.