Kinyota Kando ya Neno

Kilifika pamoja na boksi la chaki, nakala nne,
sisi tukiwa arobaini na sita, kidato cha tano,
shule ya juu ya mawe, Kirumba ikivuta moshi chini yetu.
Mimi ndiye niliyeshika funguo za maktaba,
kwa hiyo nilikipima kabla ya wengine:
kurasa mia tisa na kumi na mbili,
herufi ndogo kama mayai ya dagaa,
picha saba tu, zote za wanaume wenye nywele za bandia.

Bwire alikichukia tangu utangulizi.
"Sentensi hii," alisema, "imeanza asubuhi wakati wa uji,
kitenzi kimeingia baada ya kengele ya kulala."
Na wafalme wenyewe wameishiwa majina:
Luwi wa kumi na nne, wa kumi na tano, wa kumi na sita,
"kama geji za mabati."
Tulicheka mpaka Mwalimu Ntobi akasimama mlangoni.

Mwalimu alisema kitabu huliwa kama sato:
toa miba, usitupe samaki.
"Huyu si sato, mwalimu," sauti ikatoka nyuma.
"Huyu ni furu. Miba mwanzo, miba mwisho,
katikati macho."

Nkwimba hakucheka.
Nkwimba, ambaye ada yake ilitoka visado kwa visado
kwenye meza ya mama yake pale Mwaloni,
alikuwa amefika mahali mvua inanyesha,
mkate umepanda bei,
na wanawake wa sokoni wanatembea kwa miguu, matope hadi magotini,
kwenda kumuuliza mfalme yeye amekula nini.
Alitusomea kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili,
kisha, polepole, kwa Kisukuma,
na kwa Kisukuma wale wanawake
walikuwa na sauti za shangazi zangu.

Kokwijuka hakushawishika.
Alikwenda moja kwa moja kwenye faharasa kutafuta ziwa.
Akalikuta mara moja tu, ukurasa wa mia sita na nne,
chini kabisa, kwenye tanbihi,
limevalishwa jina la malkia.
"Kurasa zote hizi," alisema,
"na sisi ni kinyota kando ya neno."
Akakifunga. Hakukigusa tena mpaka muhula uliofuata.
Dirishani Nyanza ilikuwa inang'aa,
haijui kwamba ni tanbihi.

Mimi sikuwa na maoni. Nilikuwa na sindano.
Mwezi wa tatu uti wa nakala moja ulikatika,
Vita vya Miaka Thelathini vikamwagika sakafuni,
nikavikusanya, nikavishona kwa uzi wa nyavu,
fundo lile la wavuvi lisiloteleza likilowa.
Nilikosea mpangilio: mapinduzi ya viwanda
yakatangulia mvuke,
na darasa zima, aliyegundua ni Nkwimba peke yake.

Ndani ya jalada la nyuma nikakuta wino mwekundu:

Kitabu chako, mwalimu, chanishinda kukibeba,
Kina vita, kina sumu, na kurasa kama mwiba,
Nimekisoma kwa zamu, nimeshiba, sijashiba,
Kesho nipe nilaumu, hasira bado ni haba.

Mwandiko haukufichwa vizuri.

Wiki ya mitihani niliingia na tochi kufunga madirisha,
upepo wa ziwani umeanza kugonga bati.
Bwire alikuwa ameketi chini ya rafu, magoti juu,
kile kitabu nilichokishona kimelala magotini,
midomo yake inakwenda.
"Unafanya nini?"
"Natafuta kosa."
Nikamuuliza amefika wapi.
"Mia saba na arobaini," akajibu, hakuinua macho.
"Hebu sogeza tochi."