Gololi ya Semkiwa

Kisu cha kwanza kilinifunga kidoleni,
chungwa la Muheza likawa jekundu,
mteja akalirudisha, akadai mia mbili yake.

Semkiwa, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
hakuniomba radhi. Alikitazama kidonda
kama fundi atazamavyo mchoro.
"Springi imechoka. Chuma kikizoea kukunjwa
husahau kusimama."

Siku tisa hakufungua mlango.
Alijaribu kabari ya shaba: ikalegea.
Jino la msumeno: likang'ang'ania,
kisu hakifungi, hakifunguki,
akacheka peke yake.
Ya kumi akaipindua baiskeli ya mkewe,
akachomoa gololi moja kwenye gurudumu.
"Naazima tu," akasema.

Sasa nikikikunjua, gololi hudondoka shimoni mwake:
ta.
Haizidi mbegu ya papai,
lakini bega zima naliegemeza juu yake, kisu hakirudi.
Ukitaka kukifunga, uiombe
kwa kidole gumba, polepole,
kama unayemwamsha mtoto wa mwenyewe.

Kovu langu limebaki uzi.
Mkewe bado anakwenda sokoni kwa miguu.
Akipita kwenye meza yangu
namenyea mawili, ganda moja refu lisilokatika,
wala pesa yake siipokei.