Bisibisi ya Vambola

Jumamosi tulikwenda kuzitazama zile mpya,
nje ya Tartu, pale ambapo mwaka juzi palikuwa shamba la shayiri.
Nyumba kumi na mbili, weupe mmoja, kimo kimoja,
kama meno ya bandia ndani ya glasi.
Dada wa mauzo alitupa mifuko ya plastiki ya kuvika viatu,
akafungua dirisha la vioo vitatu,
akalifunga,
na lori lililokuwa likipita likageuka picha.

"Sikilizeni," akasema.
Tukasikiliza. Hapakuwa na kitu.
Ahto alivua glavu, akaweka kiganja sakafuni.
Joto lilipanda kama kutoka ubavuni mwa ng'ombe.
Nikamtazama alivyopiga magoti pale,
mtu mzima, hataki kuinuka.

Kipya kinyemi, nikamnong'oneza.
"Ingawa kidonda," akamalizia,
lakini hakucheka.

Nyumba yetu ni ya magogo ya msonobari.
Aliijenga babu yake Ahto, mshona viatu,
mwaka ambao misumari ilikuwa haba,
kwa hiyo nusu yake imeshikana kwa ukaidi tu.
Ukiangusha njegere jikoni
utaiokota chini ya kitanda.
Januari maji ya paka huganda bakulini,
na paka hututazama sisi, hayatazami maji.
Jiko la vigae hula kuni tangu Septemba
na Aprili bado linauliza kama zipo nyingine.

Jumatatu akaja Vambola, seremala.
Hakuleta kompyuta, hakuleta hata futi.
Alitoa bisibisi mfukoni
akaizunguka nyumba akiichoma taratibu,
kama daktari anayeuliza: hapa? Na hapa?
Kusini ncha iligoma.
Mashariki ikagoma.
Kaskazini, chini ya mlizamu uliotoboka
tangu nina mimba ya Piret,
iliingia hadi kwenye mpini,
bila sauti, kama kwenye keki.

Ufa tungeuziba. Huu haukuwa ufa.

Akachokonoa, akavuta, akanipa kiganjani
kitu cheusi, chenye unyevu, kimekunjamana:
soli ya kiatu cha mtoto.
Kisha nyingine. Kisha ukanda mzima wa ngozi.
Kumbe babu naye, kwenye kona hii hii,
alikuwa akipigana na upepo huu huu
kwa mabaki ya kazi yake.
Mimi miaka yote nilidhani
nyumba hii iliwahi kuwa mpya.

Usiku tuligeuza bahasha ya bili ya umeme, tukaandika.
Magogo matatu ya chini.
Jeki za kuinulia nyumba
("kuinua nyumba," Ahto akarudia,
kama anayejifunza jina la ugonjwa).
Nyuzi za mbao ukutani. Madirisha tisa.
Mlizamu, yuro arobaini.
Yuro arobaini! Na Piret sasa ana miaka saba.

Upande wa pili, nyumba nyeupe:
namba moja tu, nadhifu,
na miaka thelathini ikiifuata nyuma kama mkia.

Tukajumlisha. Nyeupe ilishinda
kwa bei ya gari kuukuu.
Ahto akajumlisha tena, kwa kalamu nyingine.
Nyeupe ikashinda.
Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo,
upande wa nyumba yetu,
akaongeza: sakafu ya joto, jikoni tu,
na alama ya kuuliza.
Tukazima taa bila kuagana.

Mvua ilianza saa nane.
Niliisikia ikishuka kwenye lile tundu,
ikilipiga gogo lililooza, tone kwa tone,
na kila tone lilikuwa na bei.
Nikavaa buti, nikachukua ndoo, nikatoka.
Nimeinama pale, maji yananiingia shingoni,
nikasikia mlango wetu, ule usiofungika sawasawa.

Ahto, amevaa koti juu ya nguo za kulalia,
tochi mdomoni,
anahangaika kuipitisha ngazi.