Bikoni Namba Kumi na Moja

Mimi ndiye niliyeshika ufito.
Injinia Chidawali alikuwa na jicho moja kwenye darubini,
akinipungia mkono kama anayefukuza inzi:
kushoto. Kushoto tena. Rudi. Hapo hapo, usipumue.

Ramani ilichorwa mwezi wa nne, bwawa la Hombolo
limeshiba hadi kwenye migunga,
na mchoraji, aliyeko ghorofani mjini, akapitisha wino wa buluu
akasema: huu ndio ufukwe.
Sisi tumekuja Oktoba.

Oktoba hapa maji huwa yamekwenda zake.
Huondoka bila kuaga, kama mdaiwa,
na nyuma huacha matope yaliyopasuka vigae,
makoa ya konokono, ndala moja ya mtoto,
na chumvi pembezoni, nyeupe, kama jasho lililokaukia shatini.

Bango limeshasimama barabarani:
minara mitatu ya vioo, maduka mia mbili,
gati la boti za starehe, mwanamke wa miwani myeusi
ametumbukiza vidole vya miguu majini
(hajaambiwa habari za kichocho).
MAKAO MAKUU YAPATA PWANI YAKE.
Na chini, kwa herufi za sisimizi: picha ni ya mfano tu.

Bikoni namba kumi na moja ikaangukia shambani kwa Sechelela Ndahani.
Si shamba, alisema Injinia. Tazama ramani. Hapa ni maji.
Sechelela alikuwa ameinama katikati ya maji hayo
anapalilia bamia.
Vumbi lilimfika magotini.

Akatuuliza, bila kunyoosha mgongo,
"Maji yenu hayo mnayaona kwa macho yapi?"
Kisha akatutembeza: matuta kumi na saba ya viazi,
maboga, mchicha, mlenda wa kuanika.
Maji yakipungua hatua, yeye huingia hatua;
yakijaa, huyapisha. Miaka ishirini na sita
hawajawahi kupelekana barazani.

Jirani yake wa juu, Chilewa, amehesabiwa mizabibu
shina kwa shina, hata lile lililokauka,
na fidia yake imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno.
Fomu ya Sechelela ina neno moja: MAJI.
Maji hayalipwi.

Nikahesabu hatua toka bikoni hadi unyevu wa kwanza.
Mia sita arobaini na mbili.
Nikamwaza mnunuzi wa ghorofa ya tisa,
anayekatwa mshahara miaka kumi na mitano kwa ajili ya mandhari,
siku atakayofungua pazia mwezi kama huu, chai mkononi,
amkute Sechelela anakung'uta jembe.
Ama asimkute.
Hilo la pili lilinikaa kooni.

Mimi ni mshika ufito; silipwi kwa kuwaza.
Ila jioni, Injinia akinawa uso kwa maji ya chupa,
nilifungua daftari la vipimo kwenye safu ya Maelezo,
safu ambayo hakuna anayeisoma,
nikaandika kwa kalamu ya risasi:
bamia, mistari minane. Viazi, matuta kumi na saba.
Mlenda, kadiri ya chumba kimoja.
Maboga sikuyamaliza, giza liliingia.

Januari mvua ilishuka na deni lake lote.
Bikoni kumi na moja ilizama, ikabaki kijiti na utepe mwekundu,
kunguru kajitulia juu yake.
Sechelela alikwishavuna akapanda juu,
ana kibanda cha kukaangia perege kwenye kivuli cha bango.
Wanaokuja kuangalia viwanja hununua kwake, wawili wawili,
wanakula wakitazama mwanamke wa miwani.

Wiki hiyo daftari likarudi kutoka ofisini.
Safu ya Maelezo imepigwa mstari mwekundu,
na pembeni mtu ameuliza, kwa mwandiko mzuri wa shule:
*Hii bamia iko kwenye kina gani?*

Nikachonga risasi.
Nikajibu: magotini.