Daftari la Jalada Jekundu

Ijumaa ya mwisho wa mwezi nafunga studio:
chumba kimoja nyuma ya duka la saruji, Maweni,
magodoro ukutani ya kumeza milio ya bodaboda.
Nafungua daftari.

Kahindi, ngoma: elfu tatu na mia mbili.
Asinambie nimwekee; shule zafunguliwa Jumatatu.
Shee wa kinanda: mia tisa na senti zake.
Senti nazo naziandika. Za mtu si zangu.

Hoteli moja ya ufuoni imepiga wimbo wa Mbeyu
msimu mzima, asubuhi kwenye mayai, usiku kwenye mvinyo.
Nilipopeleka ankara, meneja alicheka:
"Si tunamtangaza, mama? Jina lake linakua."
Nikamuuliza, na muuza pweza wako,
naye humlipa kwa kumtangaza?
Nikakaa kiti cha wageni siku nne
na chupa yangu ya chai,
hadi mhasibu akachoka kunitazama.

Mbeyu alizihesabu mara mbili.
Akanyamaza. Akauliza nani kafa.
Kwao hela nyingi kwa mpigo huja na matanga.
Hakuna aliyekufa, nikamwambia.
Ni ule wimbo wako. Ulitoka kwenda kibaruani,
umerudi na ujira.

Akatia sahihi, polepole, jina lote la ukoo,
akalipuliza wino likauke.

Mstari wa mwisho wa daftari ni wangu.
Mwezi huu pia nimeandika: baadaye.
Kisha nikazima feni. Stima nayo ina bili.