Vizibo Viwili

Nyumba yetu ya Mabatini ina meza moja.
Upande wa dirishani ni wa Mbuke,
wa maabara kule juu Bugando,
anayesaka dawa ya kichocho.
Upande wa jikoni ni wangu: makatoni, gundi,
vizibo vya soda nilivyookota Kirumba baada ya mechi.
Mimi natunga mchezo. Watu hucheka,
kisha huuliza kazi yangu hasa ni ipi.

Mbuke hacheki. Anajua kupoteza miezi
kwa kitu kidogo kuliko punje ya ulezi.

Molekuli yake ya mia mbili na kumi na nne
inaua mnyoo kwenye kisahani, safi kabisa,
lakini haiyeyuki. Ukiitia majini inakaa chini
kama mgeni aliyenuna.
Ile iliyoitangulia iliyeyuka vizuri,
ikaenda moja kwa moja kwenye ini la panya.
"Ukigusa hapa," husema, "pale panalia."

Namwelewa. Wiki jana nilimpunguzia mamba nguvu,
konokono akawa mfalme,
na Sayi, binti wa jirani, miaka tisa,
mjaribu wangu ninayemlipa kwa maandazi,
akashinda mara kumi na moja mfululizo
kwa kukaa tu ufukweni, bila kusogea.
Hakudanganya. Mlango nilimwachia mwenyewe.
"Ndivyo minyoo inavyotusoma," Mbuke akasema.
"Haivunji sheria. Inatafuta uliposahau."

Sayi humeza vidonge shuleni kila mwaka,
vikubwa, vichungu; kimoja alikitema nyuma ya choo.
Jumamosi anakwenda Igombe kwa bibi yake
kufua nguo, maji ya ziwa yakimfika magotini.
Mchezo mbaya: ukishinda, unarudishwa mwanzo.
Hilo nililiandika daftarini, nikalikata.

Juzi umeme ulikatika saa nne usiku.
Kwa mwanga wa simu Mbuke akavuta vizibo vyangu,
akavipanga pembe sita, kimoja kimoja,
vyekundu oksijeni, vya bluu naitrojeni,
akitoa mkia, akirudisha mkia.
Nililala nikimsikia: tk. Tk.

Asubuhi kaondoka, na vizibo viwili havipo.
Vya bluu. Bila hivyo mamba hana pa kujificha.
Sayi akaja, akauliza; nikamwambia tucheze hivyo hivyo.
Tulicheza saa mbili. Maandazi yakapoa.
Akashindwa, akanipiga bega, akasema:
tena.

Neno hilo nalitafuta tangu Januari.
Nikampigia Mbuke. Nyuma yake mashine inavuma.
"Vizibo vyako ninavyo mfukoni, samahani."
"Usivirudishe," nikasema. "Na yako, inasemaje?"
Kimya kidogo.
"Bado imekaa chini."